Tuliomba Bwawa

Barua ile niliiandika mimi. Mwenzangu kutoka Tanga aliisoma kwa sauti tukiwa tumekaa kitandani, mshumaa umesimamishwa juu ya kopo la maziwa, akasahihisha maneno mawili, kisha sote wanane tukatia sahihi. Ilikuwa Machi 2006. Tuliiandikia idara ya michezo ya chuo chetu, Kampala, tukaomba mambo matatu: chumba cha kuwekea boti, jaketi za kuokolea za kututosha, na ruhusa ya kutumia bwawa la kuogelea jioni mbili kila wiki, ili wanafunzi wapya wajifunze kayaki kwenye maji yaliyotulia kabla ya kupelekwa mtoni. Barua yenyewe ilikuwa ya Kiingereza. Lakini baina yetu wawili, mimi wa Mombasa na yeye wa Tanga, ombi lile lilikuwa na jina moja tu. "Bwawa limefika wapi?" "Bwawa bado." Tuliulizana hivyo mpaka tukamaliza masomo.

Nakala ninayo hadi leo. Aya ya tatu inasema kwamba chuo hakitalazimika kugharamia mahali pa mazoezi ya juu, kwa kuwa mto upo. Kila nikiisoma naishia hapo. Mto upo. Niliandika kwa mkono wangu, bila wasiwasi wowote, kama mtu anavyoandika kwamba jua litachomoza kesho.

Mimi ni mtoto wa Kisauni. Babu yangu alikuwa na hori, mtumbwi mdogo wa watu wawili, na kafi alinitia mkononi kabla sijajua kusoma. Kwa hiyo nilipofika Kampala mwaka 2004 na kuona tangazo la klabu ya kayaki ukutani, nilijiona nimeshahitimu. Sikujua kwamba maji ya bahari, yenye kupwa na kujaa kwa saa zake, na maji ya mto unaoteremka ni viumbe viwili tofauti. Hori ukilipindua, unaogelea ukalishika. Kayaki umefungwa ndani yake. Kiunoni unavaa sketi ya mpira inayoziba tundu la boti, na ikipinduka, wewe uko chini kichwa kikining'inia majini, miguu imebaki juu. Dawa yake ni kujinyanyua humo humo: unalipeleka kafi juu ya maji, unapiga nyonga kwa nguvu, boti linageuka na kichwa kinakuja cha mwisho. Kichwa kikitaka kutangulia, unarudi chini. Sisi tulikuita huko kuamka. "Ameamka mara tatu leo," tungesema, "sasa mpelekeni mtoni."

Boti zetu zilikuwa nne. Tulizinunua kwa bei ya kutupa kutoka kwa wageni waliokuja kwa ajili ya Nili na hawakutaka kulipia mzigo wa kurudi nao kwao. Tulizihifadhi chini ya ngazi za bweni, zikiwa zimepangwa kwa ubavu kama samaki, na kila muhula tuliamriwa tuziondoe. Helmeti zilikuwa tatu. Moja ya boti, nyekundu, ilikuwa na ufa chini ya kiti, urefu wa kiganja, na hiyo ndiyo niliyopewa mimi kwa sababu nilikuwa mwepesi kuliko wote. Ndani ya nusu saa tu mapaja yanaelea.

Jumamosi alfajiri tulizifunga juu ya matatu. Utingo alitutoza nauli ya boti kama nauli ya watu, nasi tulibishana naye kila wiki kana kwamba hatujawahi kukutana. Kutoka Kampala hadi Jinja ni kama kilomita 80. Unapita miwa ya Lugazi, unaingia msitu wa Mabira, na pale Najjembe wachuuzi wanaliparamia gari na vijiti vya kuku wa kuchoma na gonja, ndizi mbivu za kuchoma. Halafu Njeru, kisha bwawa la Owen Falls, ambalo siku hizi linaitwa Nalubaale, na barabara ilipita juu ya ukuta wake. Askari walisimama pande zote mbili. Atakayetoa kamera atateremshwa, na sote tulilijua hilo.

Nilivuka ukuta ule labda mara sitini kabla sijauliza kwa nini unaitwa Owen Falls ilhali hakuna poromoko lolote pale. Lilikuwepo. Ukuta ulipokamilika mwaka 1954, maji yalijaa yakapanda, na poromoko la Owen likaenda nayo. Juu yake zaidi, pale Nili inapotoka Ziwa Victoria, lilikuwepo lile la Ripon, ambalo mpelelezi Mwingereza Speke alifika kando yake tarehe 28 Julai 1862. Nalo pia likazama. Jina la mji wenyewe, Jinja, linatokana na neno la mawe, yale mawe ambayo mto ulipita kati yake. Elimu hiyo yote ilikuwa chini ya magurudumu yetu kila Jumamosi. Tulikuwa tukibishana na utingo.

Maporomoko ya Bujagali tuliyasikia kabla ya kuyaona. Tukishuka barabara ya vumbi tumebeba boti mabegani, kilomita chache kaskazini ya mji, mshindo ule uliingia kwanza tumboni, kisha masikioni. Wasiofika hudhani lilikuwa poromoko moja la kuanguka wima kama yale ya kwenye kalenda. Halikuwa hivyo. Mto ulijigawa kati ya visiwa vyenye miti, ukashuka kwa madaraja, mikono mingine mikali ya kutisha, mingine ya pembeni inayompokea mwanafunzi. Maji yenyewe ni ya uvuguvugu, ni mengi, na ni marefu kwenda chini, hivi kwamba mawimbi makubwa yanasimama bila mwamba kuchungulia. Na baada ya kila mteremko, mto unatanuka na kutulia. Huo ndio uliokuwa utajiri wa pale. Mwanafunzi aliyepinduka alichafuka, alikunywa maji, alipoteza kafi, lakini sekunde ishirini baadaye alikuwa anaelea mahali patulivu akitazama anga.

Aliyenifundisha hayo alikuwa kijana wa rika langu, na chombo chake kilikuwa jerikeni. Mwenzangu wa Tanga aliliita dumu, na jina hilo likamwingia hata mwenyewe. Lilikuwa la njano, la lita 20, lililokuwa la mafuta ya kupikia. Mdomo ameuziba kwa kipande cha mti kilichofungwa karatasi ya nailoni, kisha akaukaza kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Wageni wakichanga hela, alipanda juu ya mwamba, akalilalia dumu kifudifudi, akaingia. Hakuwa na jaketi wala helmeti. Alikuwa akiendesha kwa miguu, kama chura, kichwa amekiinua, na alipotokea chini wageni walipiga makofi naye akapanda tena kilima akihema, mkono mmoja ukipapasa kichaka alikoficha shati lake.

Kiswahili alikuwa nacho. Baba yake alifanya kazi katika kiwanda cha nguo enzi za moshi wa viwanda vya Jinja, wakati mitaa kama Walukuba ilijaa wafanyakazi kutoka Kenya, na watoto wao walichezea lugha hiyo barabarani. Kampala wakati ule, ukizungumza Kiswahili sokoni, wapo waliokutazama kwa hofu. Waliisikia ndani yake sauti ya askari wa miaka ya nyuma. Kule mtoni kilikuwa lugha ya kuelekezana njia ya kupita salama.

"Usitazame povu," aliniambia. "Tazama ulimi."

Akanionyesha kwa kidole. Pale maji yanapoingia kwenye poromoko, kabla hayajavunjika, yapo mahali yanapotanuka laini, yanang'aa, yamechongoka mbele kama ulimi wa ng'ombe. Hapo ndipo mto wenyewe unapopita. Ukiufuata ulimi, umepita. Ukivutwa pembeni na kelele za povu, utaoga. Nilisoma vitabu vya kayaki baadaye, vyenye michoro na mishale, na sikukuta humo jambo ambalo yeye hakuwa ameshanionyesha akiwa amechuchumaa juu ya mwamba, miguu mitupu, maji yakimchuruzika mgongoni.

Siku niliyooga vizuri ilikuwa Septemba 2005. Niliingia vibaya, boti likapinduka, nikajaribu kuamka mara moja, mara mbili, mara ya tatu nikakata tamaa nikavuta sketi nikatoka. Wimbi la kwanza lilinizamisha. La pili likanizamisha tena kabla sijamaliza kuvuta pumzi. Nilipofumbua macho kulikuwa na rangi ya njano mbele yangu na sauti inasema, "Shika! Shika dumu, Mkenya!" Tulikwenda naye, mimi nimekumbatia mpini, hadi pale penye utulivu. Alicheka, mimi nikatapika.

"Usiogope," akasema. "Ukishatupwa, unapokelewa. Chini ya kila poromoko lipo ziwa lake."

Boti nyekundu lilivutwa na wavuvi, na ufa umeongezeka maradufu. Dumu lake nalo siku ile liligonga jabali likapasuka ubavuni. Hakusikitika, alikuwa na jingine nyumbani. Akalikata kwa panga, akanipa kipande cha ukubwa wa sahani, akasema plastiki ni ndugu zao. Jioni ile, mbele ya duka moja, tulipasha kisu kwenye jiko la makaa, tukayeyusha kipande cha njano juu ya ufa mwekundu, kidogo kidogo, tukikikandamiza kwa mgongo wa kijiko. Moshi wake ulitutoa machozi. Lilitoka kovu nene la njano, lenye alama za kijiko. Halikuvuja tena.

Nilirudi Kampala nikiwa na wazo moja: wanafunzi wapya wasipitie nilikopitia. Wajifunze kuamka kwenye maji safi, mwalimu amesimama ubavuni amewashikia boti, maji yakiwa ya kifuani. Nilikuwa sahihi, na bado naamini hivyo. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza aliteguka bega mtoni kwa kuwa hakuna aliyemfundisha kushusha viwiko, na mkono wake haukupona sawasawa. Wengine kati yetu tulipatikana na kichocho, tukameza vidonge vile vikubwa huku mhudumu akitupima urefu kwa mti uliochorwa mistari. Klabu inayowapeleka watoto wa watu kwenye maji yale bila jaketi za kutosha haistahili kuitwa klabu. Barua ilikuwa lazima iandikwe. Ninachojuta ni barua nyingine.

Ieleweke miaka ile ilikuwa ya namna gani. Ziwa Victoria lilikuwa limeshuka vibaya. Ukame ulichangia, na mabwawa ya Jinja yaliyokuwa yakivuta maji kuliko kiasi yalichangia, na kufikia 2006 fukwe zilikuwa zimerudi nyuma, gati za mashua zimebaki zimesimama juu ya matope. Umeme ukawa wa mgawo. Leo upo, kesho haupo. Jenereta zilinguruma mchana kutwa katika barabara za Kampala, na moshi wake uliingia madarasani. Sisi tulisoma kwa mshumaa na koroboi. Barua yenyewe ya bwawa, kama nilivyosema, iliandikwa gizani. Kwa hiyo sitasimama leo nikasema kwamba Uganda haikuhitaji umeme. Nilikuwa mmoja wa waliouhitaji.

Mradi wa bwawa la Bujagali ulikuwa unazungumzwa tangu miaka ya 1990. Kampuni ya Kimarekani iliyokuwa iujenge ilijiondoa mwaka 2003, kwa hiyo tulipofika sisi, watu walilitaja jambo hilo kama kitu kilichokwisha kufa. Giza la 2005 na 2006 ndilo lililolifufua. Yalianza kusikika majadiliano, mikutano, magazeti yakaandika. Wapo waliosema juu ya maporomoko, wapo waliosema juu ya viwanda, wapo waliosema juu ya roho ya Budhagaali ambayo Wasoga wanaamini iliishi katika maji yale; husimuliwa kwamba mwenye kuteuliwa na roho hiyo aliuvuka mto akiwa amekaa juu ya nguo ya magome ya mti. Nilisoma habari hizo kama anayesoma mambo ya kijiji cha mbali. Mimi nilikuwa na bwawa langu la kushughulikia.

Jumamosi moja, nadhani ni Mei mwaka ule ule, yule kijana alinikuta nimekaa juu ya jabali ninafunga helmeti. Alikuwa amesikia habari zetu kutoka kwa mmoja wa wanafunzi.

"Wanasema mmeandika barua kwa wakubwa," akasema.

"Tumeandika."

"Mmesema nini?"

"Tumeomba bwawa."

Hakunijibu. Alinitazama, kisha akatazama maji, kisha akainama akaokota dumu lake akaliweka begani. Ilinichukua muda, muda mrefu kuliko ningependa kukiri, kuelewa alichosikia. Nikaruka nikasimama. La, la, ndugu yangu, bwawa la kuogelea! Kule chuoni! La kujifunzia!

"Aa," akasema. "La kuogelea."

Akatabasamu kwa adabu, na kwa adabu hiyo akaniuliza tena, taratibu: "Na juu ya hili? Ninyi mnaojua kuandika, mmeandika nini?"

Hatukuwa tumeandika kitu. Tulikuwa wanane, wote tunajua kuandika, wawili kati yetu wanasoma sheria. Tulijua mto ule kwa viwiko na magoti. Tungeweza kueleza, kwa lugha ambayo wakubwa wanaisoma, kwamba pale palikuwa na shule: madaraja yaliyopangwa kutoka jepesi hadi gumu, maji ya joto mwaka mzima, walimu wasiolipwa wanaoishi kando yake. Huenda isingebadilisha chochote. Miradi ya megawati 250 haisimami kwa barua ya wanafunzi. Lakini ingekuwepo. Pangekuwa na karatasi mahali fulani, yenye sahihi nane, inayosema kwamba kulikuwa na watu waliopajua na kupapenda. Nilimwambia tutaandika. Mitihani ikaja, likizo ikaja, klabu ikapata jaketi sita mpya na sherehe ndogo. Mwaka 2007 nilipokuwa nakusanya vyeti vyangu, ujenzi ulianza.

Mwishoni mwa 2011 maji yalifungiwa na kupanda. Nilikuwa nyumbani, nafundisha hesabu. Mwenzangu wa Tanga, aliyekuwa na kazi Kampala wakati huo, alinitumia picha mbili kwa barua pepe bila neno hata moja. Katika ya kwanza visiwa vinaonekana vimebaki matawi. Katika ya pili kuna maji tu, laini, yametulia, na mtu amesimama ukingoni amekunja mikono. Oktoba 2012 bwawa likazinduliwa rasmi, na mgawo wa umeme uliotutesa ukapungua sana. Lile pia ni kweli, na sitaliruka.

Miaka michache baadaye nilimtembelea dada yangu London. Nilipanda treni hadi Waltham Cross, kwenye kituo cha maji ya kasi cha Lee Valley, kilichojengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 2012 na kufunguliwa kwa umma 2011. Mwaka ule ule Bujagali ilipozama, mnaona. Kiligharimu pauni milioni 31. Ni mfereji wa zege wa mita 300, unashuka mita tano na nusu, na pampu zinasukuma mita za ujazo 13 za maji kila sekunde. Kwa Nili hicho ni kijito cha pembeni. Ukifika chini, mkanda unaokwenda kwa mota unakupandisha tena juu na boti lako. Niliwaona wanafunzi wa vyuo wamevalia sare za klabu zao, wanafundishwa na watu wenye vyeti, na sikuwa na kinyongo nao hata kidogo. Walikuwa wanafurahi kama tulivyofurahi sisi. Nilibaki darajani mpaka jioni. Ilipofika saa ya kufunga, pampu zilizimwa. Mngurumo ukashuka, mawimbi yakalegea, na katika dakika chache tu mfereji ulikuwa dimbwi lenye vipande vya majani. Watu walikuwa wanavua helmeti na kucheka. Mimi nilishika chuma cha daraja nikageuza uso.

Klabu yetu ilipata bwawa. Ilichukua miaka mingi na vizazi vingi vya wanafunzi, lakini ilipata. Sisi tuliomaliza zamani tulichanga, kila mmoja kwa simu kutoka alipo, na Februari mwaka jana walinialika nikaone. Basi halikupita juu ya ukuta wa Nalubaale; siku hizi kuna daraja jipya la nyaya, mita 525, lililofunguliwa Oktoba 2018, na abiria wote walitoa simu wakapiga picha. Hakuna aliyewateremsha.

Lakini kwanza Kampala. Kontena la meli limegeuzwa ghala, lina vyuma vya kupangia boti ukutani, matundu ya hewa, na kamba za kuanikia sketi. Boti 14. Helmeti zimeandikwa namba. Mifuko ya kamba za kurushia aliyezama inaning'inia mlangoni ili mtu asitoke bila yake. Jumanne na Alhamisi jioni, bwawa la kuogelea ni lao kwa saa mbili. Nilikaa kwenye benchi, harufu ya klorini puani, nikamtazama binti wa mwaka wa kwanza akipinduka, akitulia chini kwa hesabu ya tatu, halafu nyonga, kafi, kichwa cha mwisho kabisa. Safi. Akafanya upande wa pili. Ana wiki tatu tu kwenye klabu. Mimi kuamka kwa uhakika kulinichukua miezi saba. Niliwapigia makofi kwa moyo wangu wote. Kila kilichokosekana enzi zetu kimo mle.

Nikauliza, baada ya hapa wanakwenda wapi?

Mwenyekiti wao, kijana mpole anayesomea uhandisi, alinijibu bila kuficha. Maporomoko hayajaisha yote, anko. Chini ya ukuta wa Bujagali bado kuna mteremko mzuri hadi Itanda. Lakini ni mbali zaidi, usafiri ni ghali, basi wanakwenda mara mbili kwa muhula. Maji yanapanda na kushuka kulingana na umeme unaotakiwa, na njia waliyoisoma asubuhi mchana si ile ile. Itanda penyewe si mahali pa mtoto. Na chini ya hapo, tangu bwawa la Isimba la megawati 183 lizinduliwe mwaka 2019, mengine yamekwenda. Serikali na Benki ya Dunia walikuwa wamekubaliana kwamba maporomoko ya Kalagala na Itanda yasiguswe, yawe fidia ya Bujagali. Hata hivyo maji ya Isimba yalipanda yakaingia sehemu ya eneo hilo la fidia.

"Tunao wengi wanaojua kila kitu bwawani," akasema, "na wachache sana wanaovuka kutoka bwawani kwenda mtoni. Katikati hapana kitu."

Nilijua nini kilikuwa katikati.

Kesho yake tulikwenda Bujagali pamoja. Siku hizi pale pana boti za kupeleka wageni kutazama ndege na jua likizama, na nahodha wa moja ya boti hizo, mnene kidogo, mvi mbili tatu kidevuni, alisimama akanitazama muda kabla ya kusema, "Mkenya." Tulishikana mikono na hatukuachiana upesi. Akatuchukua bila kutaka malipo, wanafunzi wakifuata kwa kayaki. Katika ghala nilikuwa nimekuta boti nyekundu limewekwa juu kabisa, halitumiki, nikaomba nilipande. Nyuma ya ukuta wa Bujagali maji ni mapana, yametulia, mazuri kwa anayeanza. Hilo pia wanafunzi walikuwa wameniambia, kwa furaha: ukikosa bwawa la chuoni, unaweza kuja hapa.

Binti wa mwaka wa kwanza alisogeza boti lake karibu na langu. "Anko, lilikuwa wapi hasa?"

Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Nilipajua mahali pale kwa mshindo wake, na mshindo haukuwepo. Visiwa havipo, jabali la kukalia halipo, mwinamo wa ukingo umekatwa katikati na maji. Nilinyanyua kafi nionyeshe upande fulani, nikalishusha.

Nahodha alikuwa amezima injini. Alipima kwa macho, kutoka mti mmoja mkubwa wa upande wa magharibi hadi paa la bati kilimani upande wetu, akasukuma kidogo kwa mkono, akasukuma tena. "Hapa," akasema. "Ulimi ulikuwa unaanzia hapa. Dumu nilikuwa naingilia pale, kwa yule dada." Binti akatazama maji yaliyo chini ya boti lake. Wenzake walikuja wakazunguka mahali pale, na kwa muda hapakuwa na aliyepiga kafi.

Mwenyekiti akauliza kama wanaweza kufanya mazoezi. Nahodha akasema fanyeni. Wakaanza kupinduka mmoja baada ya mwingine na kuamka, pale pale, maji yakimwagika kwenye helmeti zao. Mimi nilisogea nikashika ubavu wa boti lake la wageni. Aliinama kunishika mkono, kisha mkono wake ukateleza chini ya kayaki yangu, ukasimama. Alikuwa amelipata kovu kwa vidole. Akaniinamisha kidogo upande ili alione. Lile njano limefifia likawa rangi ya ndizi iliyozeeka, lakini alama za kijiko bado zipo, na alizipitia moja moja kwa kidole gumba.

"Hii ni yangu," akasema.

"Ni yako."

"Inavuja?"

"Haijavuja hata siku moja."